KILA MDUNDO UNA KWAO

Mtu hupita nje ya ukumbi wa dansi usiku, akasikia du-du-du-du pasipo gitaa wala tarumbeta, akasema, "Aa, hilo disko tu," kisha akaenda zake. Ni sawa na mgeni anayesikia sindimba ya Wamakonde na mdundiko wa Wazaramo akasema zote ni ngoma tu. Leo tuzitenganishe ngoma hizi za mashine, maana kila moja ina kwao.

Tuanze na hausi. Kwao ni Chicago, Marekani. Mwaka 1977 Frankie Knuckles alitoka New York akawa mpiga santuri wa klabu ya Warehouse, iliyojaa vijana weusi na Walatino. Wengi husema jina hausi limetokana na klabu hiyo. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa mjini humo, sanduku zima la santuri za disko lililipuliwa mbele ya maelfu ya watu. Mashabiki wakavamia uwanja, mchezo wa pili ukavunjika. Lakini disko halikufa. Vijana walinunua kwa bei ya mitumba mashine za ngoma za Kijapani ambazo wenye fedha hawakuzitaka, wakaanza upya. Utaitambua hausi hivi: ngoma nene hupiga sawasawa, moja-mbili-tatu-nne, matoazi huitikia katikati, na juu yake kuna kinanda na mwimbaji mwenye sauti ya kanisani. Shika saa uhesabu: utapata mapigo kama 120 hadi 130 kwa dakika.

Tekno ni jirani yake. Hii ni ya Detroit, mji wa viwanda vya magari, na waasisi wake ni vijana weusi watatu waliosoma pamoja: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Ngoma nene ni ileile, ila mara nyingi mwimbaji ameondoka na kinanda kimekauka. Unasikia kama mitambo inazungumza yenyewe. Jina lake lilivuma mwaka 1988, baada ya santuri ya mkusanyiko kutolewa Uingereza.

Huko Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukazaliwa mtindo wa tatu, jango, yaani msitu. Hapa ngoma haipigi sawasawa tena. Inakatwakatwa na kukimbizwa hadi mapigo 160 na zaidi kwa dakika, huku besi ikitembea taratibu chini yake kama ya rege.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Sehemu kubwa ya jango ilijengwa juu ya kipande kimoja cha ngoma, kisichozidi sekunde saba, kutoka wimbo wa mwaka 1969 wa kundi la The Winstons la Marekani. Mpigaji wake, Gregory Coleman, alifariki mwaka 2006 akiwa fukara, bila kulipwa hata senti kwa nyimbo nyingi mno zilizotumia mikono yake. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, alipata kiasi cha pauni 24,000 mwaka 2015, nazo zilikuwa mchango wa wapenzi wa muziki, si malipo ya waliouza.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao, wakatunzwa wengine. Nasi tuna singeli yetu ya Dar es Salaam, inayokimbia kupita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya Kampala iliitoa kwa wasikilizaji wa Ulaya, na leo inachezwa huko. Ni heri. Lakini heri hiyo itakamilika pale jina la kijana aliyeutengeneza mdundo, Manzese au Tandale, litakapoandikwa kwenye mkataba kabla wimbo haujapanda ndege.

Basi ukisikia du-du-du-du tena, usipite tu. Hesabu mapigo, sikiliza ngoma inavyokatika, kisha uliza: huyu aliyepiga ni nani, na amelipwa?