Dhana ya Uzawa na Nafasi ya Wahadzabe katika Utungaji wa Sera ya Tabianchi Tanzania

Makala haya yanafafanua namna dhana ya uzawa inavyoathiri ushirikishwaji wa Wahadzabe katika utungaji wa sera ya mabadiliko ya tabianchi nchini Tanzania.

Jijini Dar es Salaam, neno "mzawa" lilipata uzito wa kisiasa katika mjadala wa uchumi. Biashara ilipofunguliwa huria, hususani miaka ya 1990, mzawa alikuwa mfanyabiashara Mwafrika, akitofautishwa na mwenzake mwenye asili ya Asia. Tofauti iliyogusa moja kwa moja maisha ya Upanga na Kariakoo. Kwa maana hiyo, takribani kila Mtanzania ni mzawa, na Wahadzabe humezwa humo. Serikali nayo imeshikilia kwamba Waafrika wote ni watu wa asili, ingawa mwaka 2007 iliunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili. Kikundi kazi cha Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika ripoti ya mwaka 2003, hakikuegemea swali la nani alitangulia kufika. Kilizingatia utegemezi wa ardhi na maliasili, kutengwa, na namna jamii inavyojitambulisha.

Tofauti hiyo ina athari za kivitendo. Sera isipowatambua Wahadzabe kama kundi, ushirikishwaji wao hupitia kijiji. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, njia hiyo imezaa matunda: mwaka 2011 walipata hati ya pamoja ya haki miliki ya kimila, na ulinzi wa misitu yao ukawezesha mapato ya hewa ukaa. Hata hivyo, kijiji huridhia mradi, hakitungi sera. Aidha, penye wafugaji na wakulima wengi, wingi wa sauti katika Mkutano Mkuu wa Kijiji unaweza kuifunika jamii ndogo ya wawindaji na wakusanyaji.

Ibara ya 7 ya Mkataba wa Paris, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2018, inataka hatua za kuhimili mabadiliko ya tabianchi ziongozwe, inapofaa, na maarifa ya jadi na ya watu wa asili. Maarifa ya Wahadzabe kuhusu asali, mizizi na mabuyu nyakati za ukame hayawezi kufika mezani bila wenyewe. Hivyo, kuwapa nafasi ya mwakilishi waliyemchagua wenyewe katika vyombo vya kitaifa vya tabianchi hakumwondolei Mtanzania mwingine uzawa wake. Kunaziba pengo ambalo kijiji hakiwezi kuliziba.