Tairi za Nyuma za Gari la Mbio: Upana Pekee Hautoshi

Kila askari aliyewahi kushika bunduki anajua kwamba risasi isiyolingana na mtutu humhatarisha mpigaji mwenyewe kabla ya adui. Tairi za gari lenye nguvu nyingi nazo zina sheria kama hiyo.

Tuchukue mfano wa Porsche 911 Turbo, gari la Ujerumani lililoonyeshwa Paris mwaka 1974. Injini yake ya lita 3.0, yenye nguvu za farasi 260, imewekwa nyuma kabisa, kupita ekseli ya nyuma. Dereva akikanyaga mafuta, turbo hukawia kidogo, kisha nguvu hufika kwa kishindo. Akishtuka na kuachia mafuta katikati ya kona, uzito huhamia mbele, tairi za nyuma hupungukiwa na mshiko, na mkia wa gari hutaka kutangulia kichwa. Ndiyo maana lilibandikwa jina la mfanya wajane.

Kiwanda kililijua jambo hilo. Mbele kiliweka tairi za 185/70 na nyuma 215/60, kwa rimu za inchi 15. Mwaka 1978 injini ilipofikia farasi 300, nyuma zikaja 225/50 kwa rimu za inchi 16. Na katika magari ya mwaka 1986, 245/45.

Tafadhali, ndugu msomaji, tazama tarakimu hizo vizuri. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Tairi ya 225/50 ya inchi 16 ina kipenyo cha milimita 631 hivi. Ile ya 245/45 ina 627. Upana uliongezeka, ubavu ukapunguzwa, kipenyo kikabaki karibu vile vile. Rimu nayo ilipanuliwa kutoka inchi 8 hadi 9, kwani tairi pana juu ya rimu nyembamba hubinuka kwenye kona.

Sasa mwenye gari anayependa tu kutazamwa anafunga 245/50. Kipenyo kinapanda hadi milimita 651. Kipimamwendo kikionyesha 100, gari liko 103. Tairi huweza kukwaruza madigadi. Na mbele pasipobadilishwa, gari hugoma kukata kona. Mvua ikinyesha, tairi pana huelea juu ya maji mapema zaidi kuliko nyembamba.

Tulipokuwa kadeti, tuliona Land Rover iliyofungwa tairi ndogo nyuma na kubwa mbele, kisha ikaendeshwa juu ya lami kwa magurudumu yote manne. Gia ziliumana hata lever ya kuachia haikusogea. Fundi hakucheka, sisi tulicheka, tukaadhibiwa.

Liko pia suala la herufi. Zamani VR ilimaanisha mwendo unaozidi kilomita 210 kwa saa, bila kikomo kutajwa. Leo V huishia 240, na Turbo ya lita 3.3 hufika 260. Mwenye gari hilo na atafute W, inayofika 270. Kisha asome tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la namna hii hulala gerejini miaka mingi, na tairi yake huzeeka na kukauka ikiwa bado haijawa kipara.