Oili Ifaayo Gari Kuukuu

Kisiwa cha Unguja si kikubwa. Urefu wake ni kama kilomita 85, na upana wake haufiki 40. Walakini kazi ya magari humo ni nyingi. Kila siku magari hutoka Mjini kwenda Nungwi, Chwaka na Makunduchi, na mengine hurudi yakichukua watu, samaki, ndizi na muhogo. Mengi ya magari hayo si mapya. Yaliletwa kutoka nchi za nje, hasa Japani, yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi, na humu kisiwani yakapewa kazi ya miaka mingi tena.

Mwenye gari kama hilo aendapo dukani kununua oili, huwekewa mbele yake makopo ya namna mbili. Moja ni la oili ya kawaida. La pili ni la oili iitwayo sintetiki, na bei yake huenda ikawa mara mbili au zaidi. Achague lipi? Swali hili si dogo, maana kwa watu wengi gari ndilo shamba lao, na injini ikifa nyumba nzima hupata shida.

Kwanza yafaa kujua kazi ya oili. Petroli na dizeli hutiwa garini ili ziungue na kutoa nguvu. Oili haitiwi ili iungue. Ndani ya injini mna vyuma vingi vinavyosuguana. Pistoni hupanda na kushuka, na shafti kubwa huzunguka mara 2,000 au 3,000 kwa dakika moja. Chuma kikisugua chuma pasipo kitu cha kuvitenga, hupata moto, hukwaruzana, na mwisho hushikana. Hapo mafundi husema injini imenoki. Oili hujitandaza katikati ya vyuma kama utando mwembamba, visigusane. Tena huchukua joto, hubeba masizi na uchafu hadi kwenye chujio, na huzuia kutu.

Oili ya kawaida hutokana na mafuta machafu yachimbwayo ardhini. Mafuta hayo husafishwa kiwandani, lakini hata baada ya kusafishwa chembe zake hazilingani: nyingine ni kubwa, nyingine ndogo, nyingine dhaifu mbele ya moto. Oili ya sintetiki huundwa na wataalamu wa kemia, nao huziunganisha chembe zake hata zikawa karibu sawasawa. Mtu aliyepata kuchambua karafuu ataelewa upesi. Oili ya kawaida ni kama karafuu zilizochambuliwa kwa haraka, ambazo bado zina makonyo machache; sintetiki ni kama karafuu zilizochaguliwa moja moja. Zote ni karafuu, lakini hazilingani.

Wajerumani walitengeneza oili za namna hii wakati wa Vita Kuu ya Pili, maana mafuta yalikuwa haba kwao, na baridi ya Urusi iliifanya oili ya kawaida kuwa nzito mno. Baadaye zilitumiwa katika ndege za jeti. Mwaka 1974 kampuni ya Mobil ilianza kuuza oili ya sintetiki ya magari, iitwayo Mobil 1, na tangu hapo nyingine nyingi zimefuata.

Juu ya kopo huandikwa nambari, kama 5W-30 au 20W-50. Nambari hizi zaonyesha uzito wa oili, yaani wepesi au uvivu wake wa kutiririka. Hazionyeshi ubora wake. Nambari ya kwanza, yenye herufi W, ni ya wakati wa baridi. Nambari ya pili ni ya wakati injini imekwisha kupata moto, nayo hupimwa kwa joto la digrii 100. Watu wa Unguja wameona mafuta ya nazi yakiganda ndani ya chupa asubuhi ya kipupwe, joto lishukapo chini ya digrii 24 hivi. Oili nayo huwa nzito kwa baridi, ila yahitaji baridi kubwa zaidi. Oili ya 20W hupimwa katika baridi ya digrii 15 chini ya sifuri, na ya 5W katika digrii 30 chini ya sifuri. Baridi za namna hiyo hazijulikani Unguja kabisa. Basi sifa moja kubwa ya sintetiki, kutiririka upesi katika baridi kali, ina faida ndogo humu kuliko katika nchi za theluji. Sifa yake ya pili, kuvumilia moto mwingi bila kuharibika upesi, ndiyo yenye faida hapa.

Watu wengine husema kwamba sintetiki ikitiwa katika gari kuukuu huitoboa injini, ikaanza kuvuja. Neno hili lina chembe ya kweli, lakini si kweli yote. Baadhi ya oili za sintetiki za mwanzo ziliharibu sili, yaani mipira izuiayo oili kutoka. Zile za siku hizi hazina tabia hiyo. Yatokeayo mara nyingi ni haya: injini iliyokaa miaka na oili chafu hujaa tope jeusi, na tope hilo huziba nyufa za sili zilizokwisha kuchakaa. Oili mpya yenye dawa za kusafisha huliondoa tope, na ufa uliofichika huonekana. Oili haikuutoboa ufa, imeufunua tu. Tena mtu akiacha oili nzito na kutia nyepesi, ile nyepesi hupita kwa urahisi zaidi penye upenyo. Vilevile si kweli kwamba mtu akitumia sintetiki mara moja hawezi kurudi kwenye oili ya kawaida, wala kwamba zikichanganyika injini hufa. Huchanganyika bila madhara, ila ubora wa ile bora hupungua.

Sasa na yalinganishwe magari mawili. La kwanza ni la zamani lakini injini yake ni nzima: halivuji wala halitoi moshi. La pili lina ringi za pistoni zilizokwisha, nalo hula oili lita moja kila kilomita 1,000, likitoa moshi wa rangi ya samawati. Kila moja hujazwa lita 4. Kwa mfano wa hesabu, lita ya oili ya kawaida na iwe shilingi 10,000, na lita ya sintetiki shilingi 25,000. Oili ya kawaida ibadilishwe kila kilomita 5,000, na sintetiki kila kilomita 10,000, kama kitabu cha gari kikiruhusu.

Katika kilomita 10,000, gari la kwanza litatumia lita 8 za oili ya kawaida, yaani shilingi 80,000, au lita 4 za sintetiki, yaani shilingi 100,000. Tofauti si kubwa, na kwa oili ya kawaida chujio litanunuliwa mara mbili. Mwenye gari hili akichagua sintetiki hakukosea, hasa kama injini yake hupata moto sana au hubeba mizigo mizito. Gari la pili litakula lita 10 zaidi. Kwa oili ya kawaida jumla ni lita 18, yaani shilingi 180,000. Kwa sintetiki ni lita 14, yaani shilingi 350,000. Fedha nyingi za mtu huyu zitatoka kwa njia ya moshi. Kwake yeye ni afadhali oili ya kawaida, nzito kidogo kama kitabu kikiruhusu, na fedha inayobaki aiweke kwa kutengeneza injini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna oili, hata iwe ya bei gani, irudishayo chuma kilichokwisha kulika.

Magari ya kale kabisa, kama Morris Minor, yana jambo lake. Baadhi ya vyuma vyake husuguana kwa nguvu sana, navyo hulindwa na dawa yenye zinki na fosforasi itiwayo katika oili. Dawa hiyo huharibu kifaa cha kusafisha moshi katika magari mapya. Kwa hiyo tangu mwaka 2004 fosforasi ilipunguzwa zaidi katika oili nyingi nyepesi za magari ya petroli. Mwenye gari la kale hana budi kutafuta oili ambayo kopo lake laonyesha kwamba yafaa injini za namna hiyo, iwe ya kawaida au sintetiki.

Lakini liko neno lililo kubwa kuliko uchaguzi wote huu. Oili ya kawaida iliyobadilishwa kwa wakati wake ni bora kuliko sintetiki iliyosahauliwa. Gari liendalo safari fupi fupi, kutoka Malindi hadi Mnazi Mmoja na kurudi, oili yake haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, nayo huharibika hata kama kilomita ni chache. Kwa hiyo hesabu ya kilomita peke yake haitoshi. Ihesabiwe miezi pia, na oili isipitishe mwaka. Kila juma gari lisimamishwe mahali tambarare, injini ipoe, kijiti cha kupimia kichomolewe, kifutwe, kirudishwe, kisha kichomolewe tena. Alama ya oili ikiwa chini ya alama ya chini, iongezwe. Injini nyingi hunoki kwa kukosa oili, wala si kwa kutiwa oili ya bei ndogo.

Na oili chafu imwagwayo isiachwe ipotee ardhini. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na kinachomwagwa juu yake hushuka upesi hadi kwenye maji ya visima. Ikusanywe katika dumu na kupelekwa kwa wanaoipokea.

Basi mwenye gari kuukuu asiulize kwanza, "Oili ipi ni ghali?" Na aulize: kitabu cha gari chasemaje, injini yangu ni nzima au yala oili, na safari zangu ni za namna gani? Akijibu hayo matatu kwa kweli, kopo la kuchukua atalijua mwenyewe.