Sigara hadharani: serikali ikizuia, uhuru wako unaishia wapi?

Tukigusa habari ya sigara katika kipindi, swali linalorudi ni hili: "Mimi nimenunua sigara yangu kwa hela yangu, niko nje, hewa ni ya Mungu. Serikali inanizuiaje?" Na mwingine anauliza kinyume chake: "Nimempakata mtoto kwenye benchi la kusubiri gari, jirani yangu anavuta. Mimi sina haki?"

Maswali yote mawili ni ya haki. Kwa msikilizaji wa Kwakoa, na wa Upareni kwa jumla, tuyatazame taratibu.

Sheria yetu inasema nini?

Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku tangu mwaka 2003. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia pia mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku. Sheria hiyo haikatazi mtu mzima kuvuta. Inakataza kuvuta katika maeneo ya umma iliyoyataja, kama vituo vya afya na vyombo vya usafiri wa abiria, na inaruhusu kutengwa sehemu maalumu za wavutaji. Inakataza pia kumuuzia sigara mtoto wa chini ya miaka 18.

Kwa hiyo mzee anayevuta kiko chake chini ya mwembe nyumbani kwake hajavunja sheria hiyo. Na ugoro hauna moshi wa kumfikia jirani, ingawa nao una madhara kwa anayeutumia.

Mbona Tabora wanalima?

Hapa wengi wanaona serikali inajipinga. Tumbaku inalimwa Tabora na kwingineko, inauzwa nje, inaleta fedha za kigeni, na sigara inatozwa kodi. Ndiyo, ni kweli. Lakini kuruhusu kitu kiuzwe si kuruhusu kitumike kila mahali. Pombe ni halali, na bado dereva wa basi haruhusiwi kuendesha amelewa, kwa sababu ya abiria walio nyuma yake.

Moshi wa nje unadhuru kweli?

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka. Kati yao, zaidi ya milioni 1 hawakuwa wavutaji; walivuta moshi wa wenzao.

Madhara makubwa kwa asiyevuta yako ndani: chumbani, ofisini, ndani ya gari lililofungwa vioo. Nje, upepo unautawanya moshi haraka. Ukikaa hatua moja au mbili kutoka kwa mvutaji bado unaupata. Ukisogea hatua kadhaa unapungua sana. Lakini chini ya paa la kibanda cha mama lishe, au kwenye foleni ya dirisha la dawa, "nje" hiyo ni ya jina tu. Na mwenye pumu, mjamzito au mtoto mgongoni hawezi kila mara kusogea.

Ndiyo maana kuzuia uvutaji ndani kuna sababu nzito kuliko kuuzuia uwanjani kweupe. Kadiri katazo linavyokwenda mbali na watu, ndivyo serikali inavyopaswa kutoa sababu zaidi.

Majirani walifika wapi?

Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, ilikwenda mbali kuliko sisi: katazo liligusa hadi barabara na njia za waenda kwa miguu mijini. Nairobi pakawekwa sehemu maalumu za kuvutia. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, ilikataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka maeneo ya umma. Kampuni moja ya sigara ilikwenda mahakamani kupinga vipengele kadhaa vya sheria hiyo, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ikaitupa kesi.

Funzo lingine la huko ni hili: wavutaji wa Nairobi wamelalamika mara nyingi kwamba baadhi ya askari walilitumia katazo kudai fedha. Mtu hajui mpaka wa eneo uko wapi, anakamatwa, anatoa chochote ili aachiwe. Afya ya umma haipati kitu hapo.

Katiba inaweka mpaka wapi?

Ibara ya 30 ya Katiba yetu inasema, kwa maana yake, kwamba uhuru wa mmoja usitumike kukatiza haki za wengine au maslahi ya umma. Inaruhusu sheria zitungwe kulinda mambo kadhaa, na afya ya jamii ni mojawapo. Lakini neno ni sheria. Hasira za kiongozi, au tangazo la mdomo gulioni, si sheria.

Kijiji nacho kinaweza kutunga sheria ndogo, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Utaratibu ni huu: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unatoa maoni, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Ikikosa hatua hizo, haijawa sheria.

Wapare tunalijua jambo hili. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ilivyokadiriwa, kila mtu akipimiwa mali yake na mkubwa bila kuelewa kipimo. Hatimaye mfumo huo uliondolewa.

Basi ufanye nini?

Ukiwa mvutaji: sogea mbali na watoto, wagonjwa na wanaokula, na zima kipande chako hadi kife. Kiangazi huku tambarare nyasi hazisubiri upepo.

Ukisumbuliwa na moshi: mwombe mwenzako kwa adabu kwanza. Pakiwa zahanati au ndani ya basi, sheria iko upande wako.

Ukitozwa faini: uliza ni sheria gani, uione imeandikwa, na udai risiti ya serikali. Bila risiti, usilipe. Omba mpelekane kwa mtendaji.

Na kijiji kikitaka kutunga sheria ndogo ya sigara, nenda mkutanoni useme, uwe unavuta au huvuti. Wanaokaa nyumbani siku ya mkutano ndio wanaoshangaa siku ya faini.