Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Matayarisho na Siku Yenyewe

Kama kuna dada, jirani au mama mkwe ambaye mazungumzo haya yanamhusu, mwite asikilize nawe. Leo tunazungumza juu ya upasuaji wa kupunguza uzito. Tutaeleza mgonjwa anavyotayarishwa, mambo anayokutana nayo siku ya upasuaji, na kazi ya yule anayemtunza nyumbani.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mwili mkubwa ni dalili ya kutunzwa vizuri. Lakini uzito ukizidi sana huleta kisukari, presha, maumivu ya magoti na kukatika kwa pumzi usingizini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hapa Kenya, mwanamke 1 kati ya 3 wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliozidi kiasi. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hali hiyo imeongezeka.

Upasuaji huu ni nini?

Kuna aina mbili zinazofanywa sana. Katika aina ya kwanza, daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, karibu robo tatu au zaidi. Kinachobaki ni kama mrija mwembamba, na mtu hushiba kwa chakula kidogo. Sehemu iliyokatwa hairudishwi tena. Katika aina ya pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Chakula hupita njia fupi, na mwili hupokea kidogo.

Upasuaji huu si sawa na ule wa kufyonza mafuta chini ya ngozi ili mtu apendeze. Huu ni matibabu ya ugonjwa.

Ni nani anayefaa?

Madaktari hupima uzito wakilinganisha na urefu. Chukua kilo zako, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tuseme mama ana kilo 105 na urefu wa mita 1.60. 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Kilo 105 ukigawanya kwa 2.56 unapata 41. Kulingana na mwongozo wa madaktari bingwa wa mwaka 2022, mtu aliye na 35 au zaidi anaweza kufikiriwa kwa upasuaji. Aliye kati ya 30 na 35 anaweza kufikiriwa ikiwa ana ugonjwa kama kisukari, au ikiwa njia nyingine zimeshindwa kumsaidia.

Hesabu hii peke yake haitoshi. Mama mjamzito hafanyiwi upasuaji huu. Anayenyonyesha amweleze daktari mapema ili wapange wakati unaofaa.

Wiki na miezi ya kabla

Usitarajie kuingia hospitalini leo na kupasuliwa kesho. Matayarisho huchukua wiki nyingi, na mara nyingine miezi. Utamwona daktari wa upasuaji, mtaalamu wa lishe, daktari wa nusukaputi, na mara nyingi mshauri wa mambo ya akili. Huyu wa mwisho asikutishe. Kazi yake ni kujua kama una huzuni nzito, kama unakula kwa sababu ya mawazo, na kama nyumbani una mtu wa kukuunga mkono.

Utapimwa damu ili kuangalia sukari, upungufu wa damu, ini na figo. Moyo utapimwa. Wengine huingizwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni ili tumbo lichunguzwe kama lina vidonda. Wanaokoroma sana huchunguzwa pumzi yao usingizini.

Hapa ndipo msemo wa wahenga unapotufaa: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Mtajie dawa za kisukari na presha, aspirini, vidonge vya kupanga uzazi, na pia dawa za mitishamba. Baadhi ya hizo hufanya damu itoke kwa wingi, na nyingine huongeza hatari ya damu kuganda. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Daktari ndiye atakayekuambia ipi usimamishe na siku gani. Kama unavuta sigara, acha wiki kadhaa kabla, kwa sababu sigara huchelewesha vidonda kupona na huharibu mapafu.

Mara nyingi utapewa mpango maalum wa chakula wa wiki 2 hivi kabla ya upasuaji. Soda, sukari, mandazi, chapati na ugali mwingi huwekwa kando. Utakula mayai, samaki, maharagwe, maziwa yasiyo na mafuta na mboga, kwa kipimo utakachopewa. Sababu ni hii: ini limelala juu ya mfuko wa tumbo. Likiwa limenenepa kwa mafuta, daktari hawezi kufikia tumbo kwa usalama. Chakula hicho hulifanya ini lipungue. Mama anayetoroka na kula chapati usiku anamwekea daktari ukuta mbele ya kazi yake. Kama una kisukari, sukari inaweza kushuka sana wakati huo, kwa hiyo dawa zako zipangwe upya na daktari.

Kuhusu pesa, omba makadirio yote kwa maandishi: daktari wa upasuaji, wa nusukaputi, wadi, vipimo, na kliniki za baadaye. Uliza bima yako, iwe ni ya SHA au ya kibinafsi, italipa nini kabla hujalipa chochote. Hakikisha pia kwamba daktari amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Kuuliza si ujinga.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe

Oga kwa sabuni. Usijinyoe nywele za tumboni kwa wembe, kwa maana mikwaruzo midogo huingiza viini. Ondoa rangi ya kucha, kwa sababu kifaa cha kupima hewa katika damu huwekwa kidoleni. Hereni, mikufu na pete ziache nyumbani. Beba kitambulisho, karatasi za bima, dawa zako zote, leso na malapa.

Sasa sikiliza vizuri, hasa wewe mtunzaji. Kwa kawaida, chakula husimamishwa angalau saa 6 kabla ya nusukaputi, na maji matupu angalau saa 2 kabla. Hospitali nyingi husema usile chochote kuanzia usiku wa manane. Fuata maagizo uliyopewa wewe. Chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula. Mtu akilazwa usingizi wa dawa tumbo likiwa na chakula, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hilo linaweza kuua. Ukimwonea huruma mgonjwa ukampa kikombe cha chai alfajiri, umemweka hatarini. Na ikiwa amekula kwa kusahau, semeni ukweli. Kuahirisha upasuaji ni hasara ndogo.

Siku ya upasuaji

Ukifika, muuguzi atakupima presha, joto, sukari na uzito. Mwanamke wa umri wa kuzaa hupimwa pia kama ana mimba. Utavaa gauni la hospitali. Daktari atakueleza upasuaji na hatari zake, kisha utatia sahihi fomu ya kukubali. Usitie sahihi kwa jambo usilolielewa. Una haki ya kuelezwa kwa Kiswahili au kwa lugha yako, na una haki ya kubadilisha nia hata wakati huo.

Utaulizwa jina lako na upasuaji unaofanyiwa mara nyingi, na watu tofauti. Usikasirike wala usidhani wamekusahau. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limehimiza hospitali zote kutumia orodha ya usalama, na maswali hayo ni sehemu yake.

Chumba cha upasuaji kina baridi na taa kali. Utawekewa dripu mkononi, na soksi za kubana au vifaa vya kukanda miguu ili damu isigande. Utapewa hewa ya oksijeni kwa kifuniko cha usoni, kisha dawa, na usingizi utakuchukua. Mrija wa kupumulia huingizwa kooni ukiwa umelala. Ndiyo maana ukiamka koo litawasha kidogo.

Mara nyingi daktari hutoboa matundu madogo tumboni, hujaza gesi, na kufanya kazi kwa kamera. Upasuaji wenyewe huchukua kama saa 1 hadi 3. Lakini ninyi mnaosubiri nje, jueni kwamba kuna muda wa kutayarisha na muda wa kuamka. Mgonjwa anaweza kukaa ndani saa 4 au 5 bila kuwa na tatizo lolote.

Akiamka atakuwa na kichefuchefu, kiu na maumivu. Bega pia linaweza kuuma kwa sababu ya ile gesi. Hataruhusiwa kunywa gilasi nzima ya maji, bali kidogo kidogo kama alivyoelekezwa. Siku hiyo hiyo atasaidiwa kusimama na kutembea hatua chache. Huu si ukatili. Kutembea huzuia damu kuganda miguuni na kwenda mapafuni. Wengi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku 1 hadi 3.

Dalili za hatari

Katika vituo vyenye uzoefu, vifo ni vichache, takriban 1 kati ya watu 1000. Hata hivyo, mahali paliposhonwa panaweza kuvuja, damu inaweza kutoka, au kuganda. Mrudishe mgonjwa hospitalini siku hiyo hiyo, usimpeleke kwenye duka la dawa, ukiona: moyo unadunda mbio hata akiwa ametulia, homa, pumzi fupi au maumivu ya kifua, maumivu ya tumbo yanayozidi, kutapika kusikokoma, kutapika damu au choo cheusi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Baada ya kurudi nyumbani

Wiki za kwanza ni vinywaji, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vyakula laini. Mgonjwa hurudi kwenye chakula cha kawaida polepole, baada ya wiki 6 hadi 8 hivi, tena kwa kipimo kidogo. Ndugu wasimlazimishe kumaliza sahani. Kwa wiki 4 hadi 6 asibebe mtungi wa maji, kuni wala mtoto mgongoni. Pangeni mapema nani atafanya kazi hizo.

Vitamini na madini, kama vile chuma, kalsiamu na B12, atavitumia maisha yake yote. Akiviacha, damu itapungua, mifupa itadhoofika na mishipa ya fahamu inaweza kuharibika.

Na mama, jambo hili usilisahau. Uzito unapopungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa aliyekaa miaka bila mtoto. Lakini unashauriwa usubiri miezi 12 hadi 18, ili mtoto asipate upungufu wa lishe tumboni. Vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kutofanya kazi vizuri, hasa baada ya ile aina ya pili ya upasuaji. Uliza juu ya kipandikizi au koili kabla hujapasuliwa.

Je, matokeo ni gani? Wengi hupoteza karibu robo ya uzito wao wote katika mwaka mmoja au miwili. Yule mama wa kilo 105 anaweza kufika karibu kilo 79. Kisukari chake kinaweza kutulia. Lakini akirudia soda na kula ovyo, uzito unaweza kurudi. Daktari hupasua kwa saa chache, na kazi iliyobaki ni ya mgonjwa na nyumba yake kila siku.

Mpendwa msikilizaji, ukiwa na swali, andika kwenye karatasi na uende nalo kliniki. Mchukue mwenzako au dada mwende pamoja, kwani masikio mawili yakisahau, mengine mawili yatakumbuka.