Je, Wajua? Usingizi Mfupi Huongeza Njaa

Miongoni mwa homoni zinazoongoza njaa ni mbili: ghrelini, inayotoka tumboni na kuamsha hamu ya kula, na leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago, Marekani, waliwapa vijana 12 wa kiume nafasi ya usingizi wa saa 4 tu kila usiku kwa siku mbili mfululizo. Ikilinganishwa na siku za kulala kwa saa 10, leptini ilikuwa imeshuka kwa asilimia 18 na ghrelini imepanda kwa asilimia 28.

Muda wa kula nao una uzito wake. Giza likiingia, mwili hutoa melatonini, homoni ya usingizi, ambayo hupunguza utoaji wa insulini. Kwa hiyo chipsi mayai na soda saa 5 usiku hupandisha sukari ya damu kuliko mlo huohuo ukiliwa asubuhi.

Wilayani Chemba, mkoani Dodoma, jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni. Anayekula ugali wa uwele na mlenda saa 1 na kulala saa 4 hulipa tumbo nafasi ya kusaga chakula. Anayekesha kwenye simu hushikwa na njaa ya pili, akaituliza kwa maandazi.

Anayedhibiti uzito hufaidika kwa kula saa 2 hadi 3 kabla ya kulala, kuongeza kunde au maharage yanayoshibisha, na kupata usingizi usiopungua saa 7.