Ampli ya Lampu au ya Transista: Ipi Yafaa Nyumba ya Kamanyola?

Wako vijana wa Kamanyola waliopata kazi, na wazazi waliouza mpunga vizuri, ambao redio ndogo ya mkononi haiwatoshi tena. Watamani stereo kamili: spika mbili, moja kuume na moja kushoto, na katikati yake ampli, yaani kile chombo kinachoipokea sauti nyembamba ya simu, redio au gramafoni na kuitia nguvu hata iweze kuzisukuma spika. Nao waanzapo kuulizauliza, huambiwa na wajuzi wa mjini ya kuwa ampli za kweli ni zile zenye lampu za kioo, na kwamba za transista ni za watu wasiojua muziki. Fedha inayotajwa hapo si ndogo. Yaweza kuwa karo ya watoto ya mwaka mzima. Basi yafaa tulitazame jambo hili kabla mfuko haujafunguliwa.

Lampu tunayoitaja hapa si ya kuangazia nyumba. Ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna waya unaopashwa moto mpaka uwe mwekundu, na kwa joto hilo chembe za umeme ziitwazo elektroni hutoka katika kipande kimoja cha chuma na kurukia kingine. Katikati pametiwa wavu mwembamba. Ishara ndogo ya sauti ikifika katika wavu huo, mkondo mkubwa wa umeme huzidi na kupungua kwa kuifuata. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeutia wavu huo, mwaka 1906. Transista ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, na wavumbuzi wake watatu, Bardeen, Brattain na Shockley, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1956. Yenyewe hufanya kazi ileile ndani ya kipande kigumu kidogo kuliko punje ya mchele, bila kupashwa moto.

Afrika imekwisha kuvipima vitu hivi viwili zamani. Mwaka 1949, huko Lusaka, bwana Harry Franklin aliitaka kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya bei nafuu kwa watu wasio na umeme nyumbani. Watu wakaiita redio ya sufuria, kwa kuwa sanduku lake lilikuwa na umbo la sufuria. Ilitumia lampu, na betri yake kavu ilidumu saa 300 hivi, kisha mwenyewe hana budi kununua nyingine. Redio za transista zilipoenea, ile sufuria ikasahauliwa. Si kwamba transista zile za kwanza ziliimba vizuri, la hasha. Nyingi zilikuwa na sauti ya kikopo. Watu walizichagua kwa ajili ya betri.

Na neno la betri ndilo neno la Kamanyola hata leo. Mto Ruzizi wapita kando, nao wazungusha mitambo ya umeme huko juu, ile ya Ruzizi ya Pili tangu mwaka 1989. Lakini nyumba nyingi za bondeni zategemea paneli ya jua na betri moja. Basi wanafunzi wachukue kalamu. Tuseme ampli ndogo ya stereo ina lampu nne za nguvu za aina ya EL84. Kila moja yataka volti 6.3 na ampea 0.76 kwa kupashwa moto tu. Zote nne ni wati 19, wala hatujasikia sauti yoyote. Tukiongeza lampu ndogo, transfoma, na ule mkondo wa volti 300 unaofanya kazi yenyewe, inveta itavuta karibu wati 100 kutoka katika betri, muziki uwe mkubwa au uwe kimya. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ile ya risasi haifai kutumiwa kupita nusu. Kwa hiyo zabaki wati-saa 600: saa sita za muziki, kisha nyumba giza na simu bila moto. Ampli ya transista ya siku hizi, kwa sauti ya kutosha chumba, yaridhika na wati 10 hivi. Ni saa sitini.

Tena kuna njia. Lampu ni kioo, nazo zipitishwe Ngomo! Aliyewahi kuteremka ule mteremko ndani ya lori lililojaa hahitaji maelezo. Lampu ikichoka, kwa kuwa zile za nguvu huishi saa elfu chache tu, nyingine yatoka mbali, maana viwanda vilivyobaki ni vichache, hasa vya Slovakia, Urusi na China.

Je, wale wajuzi wa mjini wadanganya? Hapana. Lampu ikizidiwa nguvu, huipinda sauti polepole, kwa namna isiyoumiza sikio. Transista huikata ghafula kama kwa panga. Zaidi ya hayo, sahani nyingi tuzipendazo zilitengenezwa kwa mitambo ya lampu: rumba ya Léopoldville ya miaka ya 1950, na ile Misa Luba iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 chini ya Padre Guido Haazen. Lakini utamu huo umekwisha kutiwa ndani ya sahani. Ampli njema haina kazi ya kuuongeza. Mwaka 1985 fundi Bob Carver wa Marekani aliwaambia waandishi wa gazeti la Stereophile ya kuwa aweza kuirekebisha ampli yake ya transista mpaka ilingane na ampli ya bei kubwa waliyoichagua wao. Alifanya kazi siku chache tu, nao wakashindwa kuzipambanua kwa masikio.

Sisi twashauri transista bila kusita, ila si transista yoyote. Sokoni utaona sanduku limeandikwa wati 1000 kwa herufi za dhahabu. Tazama fyuzi yake. Ikiwa ni ya ampea 5 kwa umeme wa volti 12, basi chombo hakiwezi kula zaidi ya wati 60, na asiyekula hatoi. Fedha iliyobaki itiwe katika spika, maana hapo ndipo sikio hupata faida kubwa. Spika yenye alama ya desibeli 92 huimba kwa wati moja kama ile ya 86 inavyoimba kwa wati nne.

Na aliyerithi ampli ya lampu kwa babu yake? Asiitupe, na ikiwa ana umeme wa mto asione haya kuifurahia jioni. Ila aiweke juu, mbali na mikono ya watoto, penye hewa, kwa sababu lampu zake huunguza na joto la bondeni si haba. Asiiwashe kamwe pasipo spika kufungwa, asije akaiua transfoma. Wala asifungue sanduku lake kwa kuwa tu ameichomoa ukutani: ndani mna kapasita zinazoshika volti mia kadhaa hata baada ya kuzimwa, na kazi hiyo ni ya fundi aliyejifunza kuzitoa umeme kwanza.